Chila ya Tatu Ambayo Haikununuliwa: Uchambuzi wa Kisa cha Jengo Lililopasha na Kupoza kwa Wakati Mmoja

Kisa hiki ni cha jengo moja la ofisi ambalo menejimenti yake ilikuwa karibu kusaini mkataba wa kununua chila mpya, yaani mashine kubwa ya kupoza maji yanayopoza hewa ya jengo. Jina la jengo, mahali lilipo, wahusika, kiasi cha fedha na ukubwa kamili wa mitambo vimeondolewa. Kilichobaki ni mfuatano wa mambo na sababu zake, na hapo ndipo penye faida kwa msimamizi wa jengo, fundi wa viyoyozi au mhandisi anayekabidhiwa jengo lenye joto na bili kubwa kwa pamoja.

Usuli

Jengo lina ghorofa zaidi ya kumi, na upande wake wa magharibi ni kioo kitupu. Ubaridi unatoka kwenye chila mbili zilizo chini ya jengo. Chila hupoza maji, pampu huyapeleka kwenye koili (mabomba yaliyokunjwakunjwa ambamo maji hupita) za mitambo ya hewa, kisha feni husukuma hewa iliyopita kwenye koili hizo hadi kwenye visanduku vya kugawa hewa vilivyo juu ya dari za ofisi. Kila kisanduku kina dampa, yaani kilango cha hewa, inayofunguka na kufunga kufuatana na themostati (kidhibiti joto) ya eneo lake.

Nyuma ya dampa hiyo ipo koili ndogo ya maji moto yanayotoka kwenye boila za gesi. Msanifu aliiweka kwa nia njema. Hewa hufika ikiwa na nyuzi 13 hivi, kwa sababu ubaridi wa kiasi hicho unahitajika ili kuondoa unyevu. Chumba cha katikati ya jengo chenye watu wawili hakihitaji hewa baridi kiasi hicho, basi koili huipasha kidogo isiwatese. Mfumo wa aina hii hufanya kazi vizuri mradi kupasha kubaki jambo la nadra.

Kwenye michoro, maji ya chila yalipaswa kutoka na nyuzi 7 na kurudi na nyuzi 12.

Malalamiko na pendekezo la awali

Kila alasiri wapangaji wa magharibi walilalamikia joto. Saa hizohizo wafanyakazi wa sehemu za kati walivaa masweta, na wengine waliweka hita ndogo za umeme chini ya meza. Chila zote mbili zilikuwa zikiwaka tangu asubuhi hadi jioni, wala hapakuwa na ya akiba. Bili ya umeme ilikuwa imepanda miaka kadhaa mfululizo.

Kwa picha hiyo, pendekezo la chila ya tatu halikuwa la kipuuzi. Mitambo yote inawaka, watu bado wanaona joto, basi mitambo haitoshi. Menejimenti yenye nia njema ingeweza kabisa kufika hapo. Tatizo ni kwamba hoja hiyo inachukulia kuwa chila inayowaka ni chila iliyobeba mzigo wake, na hakuna aliyekuwa amelipima hilo.

Timu ya ukaguzi iliyoitwa kuthibitisha ukubwa wa chila mpya iliomba ununuzi usimamishwe hadi vipimo vikusanywe katika hali tofauti za hewa. Menejimenti ilikubali kwa shingo upande. Ulikuwa uamuzi wa kwanza, na kwa maoni yangu ndio uliookoa fedha nyingi kuliko yote yaliyofuata.

Vipimo vilivyosema

Timu ilianza na mita ya umeme inayorekodi kila nusu saa. Mchoro wa siku nzima ulionyesha kwamba kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri matumizi yalishuka kidogo mno kwa jengo lisilo na watu. Kuna kitu kikubwa kilikuwa kikiwaka usiku kucha.

Kisha zikawekwa bili za umeme na za gesi kwenye ukurasa mmoja. Jambo hilo dogo lilikuwa halijawahi kufanyika, kwa kuwa umeme ulilipwa na idara moja na gesi ililipwa na nyingine. Bili ya gesi peke yake haikumshtua mtu, kwani haikubadilika sana mwaka mzima. Lakini boila hazipaswi kuwa na kazi ya maana katika mwezi wenye joto kali kuliko yote, na hapa mwezi huo uliunguza gesi karibu sawa na mwezi wa baridi. Jengo lilikuwa likipoza hewa kwa umeme na kuipasha tena kwa gesi, saa ileile, wakati mwingine ndani ya kisanduku kimoja. Kazi ya kuteka maji kwa pakacha.

Kipimo cha tatu kilikuwa joto la maji ya chila. Timu haikuamini sensa, yaani vihisi vya kupimia, zilizokuwepo. Iliweka vipimajoto vyake kwenye mabomba na kukuta sensa moja ya maji yanayorudi inasoma vibaya. Baada ya kurekebisha hilo, hali halisi ilionekana: maji yalitoka na nyuzi 5.5 na kurudi na karibu nyuzi 8. Tofauti ilikuwa nyuzi 2.5 badala ya 5.

Hapa hesabu yake inafaa kuonekana. Ubaridi unaobebwa na maji, kwa kilowati, ni mtiririko kwa lita kwa sekunde, mara tofauti ya joto, mara 4.19. Chukua mfano wa mtiririko wa lita 40 kwa sekunde. Tofauti ikiwa nyuzi 5, maji yamebeba kilowati 838. Ikiwa nyuzi 2.5, yamebeba kilowati 419. Pampu imesukuma maji yaleyale na kutumia umeme uleule, lakini ubaridi uliofika kwenye koili ni nusu. Ili kupata mtiririko wa kutosha, mfumo unawasha chila ya pili pamoja na pampu yake, na chila zote mbili zinafanya kazi nusunusu. Kwa mtu aliyesimama kwenye chumba cha mitambo zote zinawaka, kwa hiyo anadhani zimeelemewa.

Jibu la swali la menejimenti likawa limepatikana. Chila zilikuwa na nafasi kubwa tu. Ubaridi ulikuwa ukizunguka na kurudi bila kutumika, na sehemu ya uliofika ilikuwa ikifutwa na maji moto.

Usiku uliozimwa

Hatua iliyoonekana rahisi kuliko zote ilikuwa kuzima mitambo usiku. Ratiba ya kuzima ilikuwepo kwenye kompyuta ya kudhibiti jengo, ila mtambo mmoja wa hewa ulikuwa umewekwa kwenye hali ya mkono, isiyofuata ratiba, na kwa sababu mtambo mmoja ukihitaji maji baridi chila lazima iwake, chila iliwaka usiku kucha na pampu zake.

Fundi mkuu hakufurahia. Alisema, "Mkiizima hiyo, simu ya kwanza nitapigiwa mimi." Hakuulizwa kwa nini. Mtambo ulirudishwa kwenye ratiba, na kabla ya siku chache kwisha simu ikapigwa kweli: chumba kimoja kilichokuwa stoo zamani kilikuwa kimegeuzwa na mpangaji kuwa chumba cha kompyuta za kuhifadhia data, na joto lake lilipanda hadi kompyuta zikaanza kujizima zenyewe. Miaka kadhaa nyuma fundi alikuwa ameitwa usiku kwa tatizo hilohilo. Alilitatua kwa kitu pekee alichokuwa nacho mkononi, yaani kuuacha mtambo uwake. Hakuna aliyeandika popote, na mhandisi aliyekuwepo wakati huo alishahama.

Mitambo ilirudishwa kuwaka usiku kwa muda, chumba kile kikawekewa kiyoyozi chake kidogo cha kujitegemea, kisha ndipo ratiba ikarudishwa. Kiyoyozi hicho ndicho kifaa kipya cha kwanza kununuliwa katika mradi wote.

Tukio hili lilibadilisha namna timu ilivyofanya kazi. Tangu hapo, kabla ya kugusa mpangilio wowote ulioonekana wa ajabu, walikaa na mafundi na kuuliza uliwekwa lini, na nani, kwa ajili ya malalamiko gani. Majibu yalikuwa mengi kuliko walivyotarajia. Maji yalishushwa kutoka nyuzi 7 hadi 5.5 kwa sababu ya kona moja ya magharibi. Kiwango cha chini cha hewa kwenye visanduku kilipandishwa hadi zaidi ya nusu ya kiwango cha juu, baada ya ghorofa moja kulalamika kwamba hewa ni nzito; lakini kilipandishwa kwa jengo zima, kwa sababu kwenye kompyuta ni rahisi kubadilisha vyote kwa pamoja. Maji ya boila yaliwekwa nyuzi 80 mwaka mzima kwa sababu ya asubuhi chache za baridi kali. Kila upotevu uliwahi kuwa dawa ya mtu fulani, na dawa ziliendelea kutolewa baada ya ugonjwa kupona.

Kazi zilivyofuatana

Timu iliamua kuanza na maji moto, kabla ya kugusa chila. Sababu ni kwamba mzigo wa chila usingejulikana kwa hakika wakati boila bado inauongeza.

Kupata vali za maji moto zinazovuja hakuhitaji vifaa vya gharama. Kisanduku kinaamriwa kufunga vali yake, feni inaendelea kusukuma hewa, kisha joto la hewa linapimwa kabla na baada ya koili. Hewa ikitoka na joto zaidi ya ilivyoingia, vali haijafunga. Kazi ilifanyika siku ambazo ofisi ni tupu. Vali nyingi zilikutwa zinapitisha maji: nyingine mota zake zilikuwa zimekufa zikiwa wazi, nyingine zilikuwa na kutu na takataka za bomba zilizozuia kufunga. Kwenye kompyuta zote zilionekana zimefungwa, kwa sababu kompyuta huonyesha amri iliyotolewa, haionyeshi kilichotokea.

Kiwango cha chini cha hewa kilishushwa kisanduku kimoja kimoja, kwa hesabu ya idadi ya watu na eneo la chumba, kama viwango vya uingizaji hewa vinavyotaka. Ili kuwa na hakika kwamba watu hawanyimwi hewa safi, ziliwekwa sensa za hewa ukaa, na alama ya kuanza kuongeza hewa ya nje ikawekwa sehemu 1,000 za hewa ukaa kwa kila sehemu milioni za hewa. Kila sensa ilipelekwa nje kwanza. Hewa ya nje ina karibu 420 kwa milioni. Sensa inayosoma 700 ikiwa nje haifai kupewa mamlaka juu ya dampa.

Dampa za hewa ya nje zilikuwa na kasoro yake. Kompyuta ilisema zimefunguka kidogo, lakini kwenye mitambo miwili mkono unaounganisha mota na dampa ulikuwa umelegea na dampa zimebaki wazi kabisa. Katika msimu wa joto na unyevu, jengo lilikuwa linajaribu kupoza mtaa mzima. Boliti zilikazwa.

Kwa upande wa maji baridi, koili za mitambo ya hewa zilisafishwa. Koili chafu haipokei ubaridi ipasavyo, hivyo vali yake hufunguka mpaka mwisho na bado hewa haifiki nyuzi zilizopangwa, na maji hupita upesi na kurudi yakiwa bado baridi. Vali za njia tatu zilibadilishwa kuwa za njia mbili. Vali ya njia tatu, koili ikishatosheka, huyachepusha maji baridi moja kwa moja kwenye bomba la kurudi. Ya njia mbili huyazuia. Baada ya hapo pampu zikawekewa vidhibiti kasi vya mota, pamoja na ulinzi wa kuhakikisha mtiririko ndani ya chila haushuki chini ya kile mtengenezaji anachoruhusu. Ulinzi huo usirukwe na yeyote anayeiga kazi hii, kwani maji yakipita polepole mno ndani ya chila yanaweza kuganda na kupasua mirija.

Feni tayari zilikuwa na vidhibiti kasi, ila havikuwa na faida kubwa. Shinikizo la hewa ndani ya mifereji lilikuwa limewekwa juu na halibadiliki, kwa hiyo feni zilikimbia hata pale ambapo dampa nyingi zimefunga nusu. Timu iliweka utaratibu wa kushusha shinikizo polepole hadi visanduku vichache vianze kuomba hewa, kisha kulipandisha kidogo. Utaratibu huu umeelezwa katika Mwongozo namba 36 wa ASHRAE (chama cha wahandisi wa kupasha na kupoza hewa chenye makao Marekani), uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2018. Faida yake inatokana na sheria ya feni: umeme unaotumika hufuata kasi ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu. Feni ikipunguzwa hadi asilimia 80 ya kasi, umeme hushuka hadi karibu asilimia 51. Lakini sheria hiyo hutimia shinikizo likiachwa lishuke pamoja na kasi. Ukilifunga mahali pamoja, umejinyima sehemu kubwa ya faida.

Mwisho maji ya chila yalirudishwa nyuzi 7, na zaidi kidogo siku zenye mzigo mdogo. Kwa kawaida kila nyuzi moja inayopandishwa hupunguza umeme wa kompresa kwa asilimia 2 hadi 3. Boila nazo zilishushwa joto. Zilikuwa za aina inayovuna joto la mvuke uliomo kwenye moshi, aina ya gharama kubwa, lakini mvuke huo hauwezi kugeuka maji ikiwa maji yanayorudi kwenye boila yana zaidi ya nyuzi 55 hivi. Kwa miaka yote yalirudi yakiwa na joto zaidi ya hapo, na ubora uliolipiwa haukuwahi kutumika.

Jaribio lililorudisha unyevu

Jambo moja lilikwenda vibaya waziwazi. Timu ilipandisha joto la hewa inayotoka kwenye mitambo kufuatana na joto la nje: nje kukiwa na ubaridi, hewa inapelekwa na nyuzi 17 au 18 badala ya 13, ili kupunguza kupasha tena. Siku kavu ilifanya kazi vizuri. Siku za mvua, nje kulikuwa na ubaridi wa wastani na unyevu mwingi. Mfumo ukaona ubaridi, ukapandisha joto la hewa, na unyevu haukuondolewa. Ukumbi wa mikutano wa chini ukawa na harufu ya ukungu na watu wakalalamika kwamba ngozi zinanata.

Fizikia yake ni nyepesi. Chumba cha nyuzi 24 chenye unyevu wa asilimia 50 kina kiwango cha umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka maji, cha karibu nyuzi 13. Koili inayopoza hewa hadi nyuzi 17 tu haiwezi kuikausha hadi hapo. Suluhisho lilikuwa kuongeza sharti: kiwango cha umande cha hewa ya nje kikizidi nyuzi 13, hewa ya mitambo inarudi kwenye 13. Sharti hilo lingepaswa kuwemo tangu siku ya kwanza. Lilikosekana kwa sababu jaribio lilifanyika msimu wa kiangazi.

Matokeo

Chila ya tatu haikununuliwa. Saa nyingi za mwaka chila moja inatosha, na ya pili huingia alasiri za joto kali, kama msanifu alivyokusudia. Maji hurudi na tofauti inayokaribia nyuzi 5. Gesi ya msimu wa joto imeshuka karibu na sifuri, na mchoro wa umeme wa usiku sasa una bonde refu.

Joto la magharibi lilipungua lakini halikuisha. Jua la alasiri kwenye kioo ni mzigo wa kweli, na dawa yake ni vivuli vya nje au utando wa kioo. Menejimenti iliahirisha kazi hiyo.

Kulitokea pia sherehe ya mapema. Mwezi wa kwanza baada ya kazi kuisha ulikuwa na hali ya hewa ya wastani, na bili ilishuka kuliko ilivyostahili. Timu ilikataa kuitumia kama ushahidi. Badala yake ilichora matumizi ya kila siku dhidi ya joto la nje, kabla na baada, na kulinganisha siku zenye hali ya hewa inayofanana. Akiba ilionekana bado, ndogo kuliko ile ya mwezi wa sherehe, lakini imara.

Uchambuzi

Kilichofanikiwa zaidi ni mpangilio wa kazi. Kama pampu na chila zingeshughulikiwa kwanza, zingepimwa zikiwa zimebeba mzigo wa uongo unaotoka kwenye boila. Kuondoa kwanza kinachopingana, kisha kupunguza mzigo, kisha kurekebisha mitambo mikubwa, ndiko kulikofanya kila kipimo kilichofuata kiaminike.

Sensa kuhakikiwa kabla ya kutumiwa nako kulilipa. Nimeona miradi inayotumia fedha nyingi kwenye programu mpya za udhibiti huku sensa zake zinadanganya. Programu bora hufanya makosa kwa uhodari zaidi.

Kushindwa kukubwa kulikuwa kwa maarifa ya watu. Fundi mkuu alijua kuna sababu ya mtambo ule kuwaka usiku, na alisema kwa namna yake. Hakuna aliyekaa kumsikiliza kwa sababu onyo lake lilisikika kama ukaidi. Kwa miezi iliyofuata, mipangilio michache ya mkono ilianza kurudi, moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa jibu la malalamiko ya kweli. Hilo halikukomeshwa kwa kuwanyima mafundi nywila, ingawa lilipendekezwa. Liliwekwa daftari kwenye chumba cha mitambo: kila anayeweka kitu kwenye mkono anaandika nini, kwa nini, kwa ajili ya nani na lini kiangaliwe tena, na kompyuta inaorodhesha kila Jumatatu vyote vilivyo kwenye mkono. Fundi mkuu ndiye anayeisimamia orodha hiyo, na ndiye anayeamua kipi kirudi kwenye ratiba.

Mgawanyo wa bili nao unastahili lawama yake. Idara mbili zilizolipa umeme na gesi zilifanya kazi zao kwa uaminifu, na bado hakuna aliyeweza kuona kwamba jengo linajipiga vita. Sasa bili zote mbili zinakwenda kwa msimamizi mmoja.

Chila zilizopo zinazeeka, na siku ya kuzibadilisha inakuja. Gesi ya kupozea ya R-410A iliyomo ndani yake ina uwezo wa kuongeza joto duniani mara 2,088 ya hewa ukaa, na makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2016 yaitwayo Marekebisho ya Kigali yanapunguza hatua kwa hatua matumizi ya gesi za aina hiyo, hivyo kuzihudumia kutazidi kuwa kugumu. Zabuni iliyokuwa imeandikwa kwa ajili ya chila ya tatu imefutwa. Mpya inaandikwa kwa mzigo uliopimwa: chila moja kubwa, ila ndogo kuliko zilizopo sasa, na nyingine ndogo ya kubeba asubuhi, jioni na siku za mvua.